Msoma Vioo wa Mteremkoni

Kazi ya Bwana Kioo ilikuwa kusoma kuta. Ukimwambia mtu hivyo atacheka, na wengi walicheka, lakini serikali ilimwajiri kwa kazi hiyo hiyo na kumkabidhi daftari, rula ya chuma, koti la mvua la rangi ya machungwa na barua yenye mihuri miwili. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki ndani ya barua. Mtaani watoto walimwita Bwana Kioo tangu wiki ya kwanza, wakubwa wakafuata, na mwisho hata mkuu wake wa kazi akawa anamwita hivyo akimtaka kwa haraka.

Mteremkoni palikuwa na nyumba mia moja na nne, zimepangana mistari saba, paa la huyu likiwa sawa na kizingiti cha yule. Kilima chenyewe hakikuwa na adabu. Miaka ya nyuma kilimeguka upande wa pili msimu wa mvua, kikaondoka na watu ambao hadi leo hutajwa kwa sauti ya chini. Serikali ikaamka, kama inavyoamka siku zote, yaani baada ya mazishi. Ikafunguliwa Idara ya Maafa. Ikapewa vyumba vitatu nyuma ya ghala, ramani kubwa yenye pini za rangi, vipaza sauti kumi visivyo na betri, na kitabu kinene kiitwacho Mpango wa Dharura. Humo ndani kila jambo lilikuwa na jedwali lake: nani apige king'ora, nani alete maturubai, nani aongee na waandishi wa habari. King'ora kilijaribiwa mara moja tu. Watu wakadhani ni kiwanda kinabadilisha zamu, wakaendelea kuanika nguo.

Kitu pekee katika Mpango kilichofanya kazi kila siku kilikuwa Bwana Kioo. Kila nyumba yenye ufa, na Mteremkoni nyumba isiyo na ufa ni ile ambayo haijamalizwa kujengwa, aliibandika kipande chembamba cha kioo chenye urefu wa kidole. Ncha moja ilishikwa kwa saruji upande huu wa ufa, ncha ya pili upande ule. Kioo hakijui kupinda. Ukuta ukisogea kiasi cha unywele, kinapasuka. Kila mwezi alipita nyumba zote, akaandika Z kwa kizima na P kwa kilichopasuka. Mpango ulisema P zikifika ishirini kwa miezi mitatu mfululizo, watu wahamishwe. Kwa miaka miwili daftari lake lilijaa Z kurasa kwa kurasa, utadhani kilima kimeokoka.

Siku za kubandika vile vioo, koti jipya lilikuwa limempanda kichwani. Alisimama katika kila mlango, akakunja uso, akasema maneno yale yale mara mia moja na nne: "Hiki ni mali ya serikali. Kisiguswe. Kikivunjika, atakayeulizwa ni mimi." Kisha akashuka zake na kuyasahau.

Alikuwa na miaka hamsini na nane, na mkewe alikuwa amefariki mwaka ule ule alioanza kazi hiyo. Aliishi chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, kitanda upande huu, jiko upande ule, na kati yao nafasi ya mtu mmoja kugeuka. Alikuwa na vikombe sita vya harusi, alitumia kimoja. Binti yake, aliyeolewa mbali, alimpigia kila Jumapili. "Baba, umekula?" Akijibu amekula, mtoto analia kule, na binti anasema, "Ngoja nitakupigia." Hakumpigia, na yeye hakumlaumu. Redio aliiwasha asubuhi na kuiacha iongee siku nzima hata akiwa kazini, ili akirudi akute mtu anaongea.

Mteremkoni nako aliona hapati mtu. Akipiga hodi, mazungumzo yanakatika. Wenye nyumba wanasimama, wanamwonyesha ukuta, wanatazamana, wanangoja aondoke. Aliona wanamvumilia kama watu wanavyomvumilia afisa wa kodi. Akawa anafanya haraka ili asiwachoshe.

Nyumba moja tu aliifanya polepole, namba tisini na nane, mstari wa juu kabisa. Hapo aliishi mama mmoja mjane, fundi cherehani, aliyeweka mashine yake dirishani ili amwone kila anayepanda kabla hajaonwa. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mkasi wake.

"Ukuta wangu unasemaje leo, Bwana Kioo?"

"Umenyamaza, mama."

"Basi mmekutana wawili."

Alipima mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha. Njiani, wiki nzima, alikuwa ametunga la kumwambia: habari za mvua, habari za bei ya uzi, siku moja hata kisa cha mkuu wake kukaa juu ya pini za ramani. Akifika, yote yanayeyuka. Mwisho anafunga daftari na kusema, "Haya, mwezi ujao." Mara nyingi yule mama alimsukumia kigoda akae, naye akajibu kwamba yuko kazini. Akishuka ngazi za udongo alijitukana kimoyomoyo hadi mstari wa nne.

Mwezi mmoja kabla ya mvua kubwa, aliinama kwenye ukuta wa namba tisini na nane, rula mkononi, na jicho likamtazama kutoka ukutani. Lilikuwa jicho lake mwenyewe.

"Mama, hiki si kioo changu."

Mashine ikasimama. "Kioo ni kioo, kaka."

"Mimi nilibandika cha dirisha. Hiki ni cha kujitazamia."

Yule mama akashusha pumzi. "Yule fundi vioo wa pale chini amesafiri, amefiwa kwao. Nikakata kwenye mlango wa kabati. Nilijua utaona."

"Kile nilichobandika kiko wapi?"

"Kile cha kwanza?" Akacheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kile kilipasuka zamani, kaka. Hiki kitakuwa cha tisa."

Bwana Kioo akavuta kigoda akakaa, mara ya kwanza katika miaka miwili, bila kukaribishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulisema mwenyewe kikivunjika utaulizwa wewe? Tukajiuliza, mtu amemzika mke juzi, amekonda hivi, leo tena afukuzwe kazi kwa vioo vyetu? Kila nyumba inabadilisha. Fundi anavyo kwenye bakuli, amevikata kwa kipimo chako. Ukianza mstari wa kwanza, mtoto anapanda kutuambia uko wapi." Akaokota kipande cha kitambaa kilichoanguka, akakikunja bila sababu. "Tulifikiri tunakusitiri."

Kwa hiyo ndiyo maana mazungumzo yalikatika kila alipopiga hodi. Walikuwa wanatazamana kuulizana kama saruji imekauka. Bwana Kioo aliona haya, na ndani ya haya hiyo akaona furaha, na furaha ile ikamwongezea haya. Miaka miwili alijihesabu hana mtu. Kumbe kilima kizima kilikuwa kinamwonea huruma, na kilima hicho kilikuwa kinashuka.

Hakumaliza mzunguko siku hiyo. Alishuka moja kwa moja hadi ofisini na kumwambia mkuu wake kila kitu akiwa amesimama. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa majedwali, na jambo lisiloingia kwenye jedwali lilimuumiza kichwa.

"Daftari lako linasema Z," alisema.

"Daftari langu ni la uongo, mkuu."

"Usiseme hivyo kwa sauti. Kuta za hapa ni mbao." Akafungua Mpango wa Dharura, akapitisha kidole. "Miezi mitatu mfululizo. Anza upya kesho."

"Mvua zimebakiza wiki nne."

"Sikuandika mimi. Niende kwa wakubwa niseme nini? Kwamba watu wema wamebadilisha vioo? Wataniuliza kama nimelala vizuri." Akatazama ramani yake. Mteremkoni kulikuwa na pini ya kijani. "Niletee tarehe," alisema mwishowe. "Hata za nyuma. Kila nyumba, kioo kilipasuka lini, na sahihi ya mwenyewe. Tarehe naweza kuzipeleka."

Hakuna aliyekuwa ameandika tarehe. Nani anaandika tarehe ya kioo? Ikabidi Bwana Kioo azitafute pale watu wanapoweka tarehe zao, na huko hufiki kwa kusimama mlangoni. Alilazimika kukaa. Alikaa kwenye mikeka, kwenye ndoo zilizopinduliwa, kwenye ukingo wa vitanda vya wagonjwa. Akapewa chai, akainywa. "Kilipasuka wiki ile pacha mmoja alipong'oka jino." "Kilipasuka tukiwa tunamsubiri bibi atoke hospitali, maana nilisema: haya, na hiki nacho kinatuongezea shida." Baba mmoja, fundi viatu, alikumbuka vioo vyake vyote kwa mechi, ila alizokumbuka ni zile tu timu yake ilizoshinda, kwa hiyo mke wake akaitwa kusaidia na zile nyingine, ambazo ndizo zilikuwa nyingi.

Walimweleza na mengine ambayo hakuyauliza. Nani hasemeshani na nani, nani alitoroka na kurudi, nani anajua kusoma lakini anajifanya hajui ili asiandikishwe katika kamati. Watoto wakamzoea wakawa wanavaa koti lake. Akirudi chumbani jioni alikuta redio inaongea, akaizima, kwa sababu kichwa chake kilikuwa bado kina watu. Zile siku kumi na nne zilikuwa siku njema kuliko zote alizowahi kuishi tangu amzike mkewe, na moyoni hakujificha hilo, alikiri. Alijua pia ni za kazi gani. Kila kikombe cha chai alichokunywa kilikuwa kinaongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya kuwaondoa wale waliomkaribisha.

Tarehe zilipokaa pamoja, hazikuhitaji mtu msomi. Mstari wa juu ulianza, wa pili kutoka juu ukafuata wiki ileile, wa tatu baada ya mwezi. Mvua zilizopita pekee, vioo arobaini na kimoja vilipasuka ndani ya siku tisa, na mwezi huo yeye aliandika Z arobaini na moja kwa mwandiko mzuri. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika kwamba kosa ni lake, kwa sababu ya maneno aliyoyasema siku ya kubandika, na akatia sahihi kwa jina lake lote.

Ilibaki sahihi ya namba tisini na nane. Yule mama alisoma karatasi yote, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya.

"Nikiweka sahihi tunaondoka?"

"Mnaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Uwanja wa shule kwa muda. Mwenye jamaa aende kwa jamaa zake mpaka viwanja vipatikane."

"Viwanja hivyo vitapatikana mimi nimeshazikwa. Nitapelekwa kwa mwanangu, mwendo wa siku nzima, nikakae kwenye kiti cha plastiki niangaliane na mkwe. Wateja wangu wote wako hapa." Akaweka kalamu chini. "Tulikusitiri, Bwana Kioo. Tukakuamini, tukakuambia. Wewe unachukua yale yale unatutoa nayo nje."

Yote yalikuwa kweli. "Naogopa, mama," alisema. "Wengine naogopa kwa sababu ya kazi. Wewe naogopa kwa sababu yako. Nikikosa kukuona hapo dirishani nisijue uko wapi, chini ya udongo gani, sitaweza."

Mashine ilikuwa imesimama tangu alipoingia. Yule mama akaichukua tena kalamu. Kisha akaweka sahihi, akaivuta kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo.

"Chukua. Na usipande huku tena mpaka siku ya magari."

Wakubwa walizisoma tarehe, wakaogopa, na kwa mara ya kwanza Mpango wa Dharura ukafunguliwa kwa kazi yake. Malori kumi yalipangwa, yakaja matatu. Maturubai yalipatikana, nusu yake yana mhuri wa mafuriko ya mahali pengine. Vipaza sauti havikuwa na betri hadi dakika ile, kwa hiyo Bwana Kioo alipita mistari yote saba akiita kwa koo lake, na saa saba mchana hakuwa na sauti tena. Watu walipakia milango, mabati, kuku, kitanda cha bibi na bibi mwenyewe. Wengine walimshika mkono. Fundi viatu alimkumbatia. Wengine hawakumtazama. Yule mama alikaa kiti cha mbele cha lori la mwisho, mashine ameipakata, na lilipoondoka hakugeuza shingo.

Baada ya hapo alipewa barua ya onyo kali kwa kumbukumbu potofu za miaka miwili. Aliikunja akaiweka kwenye kikombe kimojawapo cha harusi.

Mvua zikaja, za kawaida tu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi alipanda kusoma vioo katika nyumba tupu, na kila mlango alipiga hodi kabla ya kuingia, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea. Vioo vilipasuka, vikabaki vimepasuka. Uwanjani, chini ya maturubai yanayovuja, watu walianza kunung'unika. Kilima kiko palepale, walisema, kimesimama kinatucheka. Wengine wakaanza kurudi mchana kuokota mbao na kulala usingizi kidogo kwenye sakafu zao. Bwana Kioo akafunga kamba mwanzoni mwa njia, huku chini, akakaa hapo kutwa nzima na koti lake, akiwarudisha mmoja mmoja. Walimwita majina. Kuna siku alijikuta anakiombea kilima kishuke, ili wajue. Aliposikia alichokiomba alishtuka, akanyanyuka akatembea huku na huku kwenye matope kama mtu aliyeumwa na siafu.

Kilishuka wiki ya tano, saa nne asubuhi, mvua ikiwa imeshakatika na jua limetoka. Hakikunguruma kama watu wanavyosimulia. Kulikuwa na mlio kama wa gunia la mahindi linaloburutwa, halafu mstari wa juu ukakaa juu ya wa pili, wa pili juu ya wa tatu, na yote ikateremka pamoja hadi katikati na kusimama. Ndege waliruka. Vumbi halikuwepo, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa.

Alipiga simu ofisini. "Watu?" mkuu aliuliza, sauti ikiwa juu. "Hakuna." "Wangapi?" "Nasema hakuna, mkuu. Hakuna hata mmoja." Upande wa pili alisikia vigelegele na viti vikisogezwa. Mkuu akamwambia kazi nzuri, asubiri hapo hapo, kuna jedwali la nani anaongea na waandishi wa habari na si yeye. Kisha akakata.

Bwana Kioo alibaki na kamba yake. Alifurahi, akatazama kulia na kushoto akitafuta wa kumwambia. Nyumba za mistari ya chini zilikuwa wazi, milango imeng'olewa. Namba ya simu ya yule mama, iliyoandikwa kando ya sahihi yake, aliijua kwa kichwa, ingawa hakuwahi kuipiga.

"Nyumba imeondoka, mama," alisema yule mama alipopokea. "Yako na mstari wote."

Kisha akamsikia analia, polepole, kama mtu anayejificha chumba cha watu wengine.

"Miezi miwili nimekukasirikia wewe," alisema mwishowe. "Naamka nakukasirikia, nalala nakukasirikia. Ndicho kilichonishikilia huku, maana hapa hakuna anayeniuliza neno. Sasa nitamkasirikia nani?"

"Endelea na mimi tu, mama."

"Huna kosa tena."

"Haidhuru."

Alimsikia akipenga kamasi. Halafu akaanza. Alianza na lori lile lililomvunjia ndoo, akaja kwenye zile hodi zake za kipolisi, akaja kwenye kigoda alichokikataa mwaka mzima na mwingine kana kwamba kina kunguni, akamwuliza mwanaume gani anapima ufa mmoja mara mbili akadhani mtu hajaona. Bwana Kioo akakaa kwenye jiwe, jua likimchoma shingoni, akasikiliza bila kumkatiza mpaka simu ikaisha chaji.